Bi Zuhura ana jina la kiume

Sehemu ya 23 ya simulizi yangu niliituma saa nne usiku. Hata simu sijaiweka chaji, akaingia msomaji mmoja wa Tabora: "Dada Zuhura, nimeshalipia mwendelezo. Mbona limetokea jina la mwanamume?"

Nikaishiwa nguvu. Juu ya simulizi jiite utakavyo, lakini ukitumiwa pesa kwa simu linatokea jina la kwenye kitambulisho. Nikamjibu kwamba ni la mume wangu. Mungu anisamehe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Zuhura ni jina la marehemu bibi yangu, na ndilo la simulizi za mapenzi, maana mapenzi nayaokota kibandani: mwanamke anayesubiri gauni lake lipigwe pasi husema mambo ambayo hata shoga yake hajayasikia. Bi Zuhura hana haraka, sentensi zake ndefu, na lazima ataje chakula. Mzee Ukungu, jina langu jingine la kuandikia, ndiye wa majini na mapango ya Amboni. Huyo ana kaunta buku yake, namwandika usiku, kwa mkato, na hacheki.

Si kwamba naona haya. Aliyetoa elfu moja alie na bibi harusi hataki kukutana na maiti uvunguni. Agatha Christie naye, pamoja na umaarufu wake wa hadithi za mauaji, mwaka 1930 alianza kutoa riwaya za aina nyingine kwa jina la Mary Westmacott, na huyo Mary alimtoa kwenye majina yake mwenyewe ya kuzaliwa. Siri ilifichuka mwaka 1949. Ila yeye hakulipwa kwa simu.

Taabu ni mkono kusahau zamu ya nani. Siku moja bwana harusi wa Bi Zuhura aliingia chumbani: mlango ukalia, taa ikafifia, nyayo zake hazikusikika. Nikatuma hivyo hivyo. Grupu zima likawaka: ana kwato? Ikabidi sehemu iliyofuata nimvue viatu mbele ya mama mkwe, watu wavione vidole. Mpaka leo wapo wasiomwamini yule kijana.

Tuje kwa wa Tabora. Habari ya mume haikumwingia, kwa sababu mwezi uliopita alikuwa amenunua simulizi ya Mzee Ukungu, akalipia namba ileile, likatokea jina lilelile. Asubuhi nakuta shilingi elfu mbili na ujumbe:

"Elfu ya dada, elfu ya mzee. Sitamwambia mtu. Ila mwambie mzee asimuue yule mtoto wa mvuvi."

Nimeshamuua. Sehemu ya 9, kurasa tatu, na mazishi juu. Bado tu sijaituma.