Ndani ya gauni

Jamani, nimetoka makumbusho hapa London sasa hivi, niko kwenye basi, siwezi kusubiri nifike nyumbani.

Mnajua mimi ni mtu wa cherehani. Magauni ya mwisho wa enzi ya Malkia Victoria nilikuwa nayajua kwa picha tu: kiuno chembamba, mikono imefura mabegani kama maboga. Mwaka 1895 ndiyo ilifura kuliko wakati wowote, kisha ikanywea haraka.

Mazuri, sawa. Lakini leo kipande kimoja cha juu (yalishonwa vipande viwili, juu na sketi) kimeachwa wazi, bitana inaonekana.

Weee!

Mishono mirefu imepigwa cherehani, ila kingo zimezungushiwa uzi kwa mkono. Kwenye mishono kumepachikwa vijiti vya nyangumi, ambavyo wala si mfupa, ni zile sahani za mdomoni anazochujia chakula. Ndani kuna mkanda wa kiunoni unaofungwa kwanza, ili nguo itulie mahali pake.

Halafu vikulabu vya mbele. Kimoja kinatazama kulia, kinachofuata kushoto, hivyo hivyo mpaka shingoni. Ukivuta pumzi vinakazana, havifunguki.

Nimesimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia.

Kibao kinamtaja mama aliyelivaa. Aliyelishona hakutajwa. Hilo limeniuma.

Mafundi wenzangu, nani bado anamaliza ndani kwa mkono? Na wateja wanalipia kweli? Niambieni.