Kitulo: nilifuata maua nikakutana na udongo wenye njaa

Nianze na nauli maana bado inaniuma. Kutoka Chimala kupanda Matamba ndo ile barabara ya Hamsini na Saba, kona hizo zote, na bodaboda wakiona mawingu wanajua huna ujanja. Niliyolipa siandiki, mke wangu ataona. Gesti nayo blanketi moja, maji ya moto nusu ndoo, baridi ya Makete mnaijua wenyewe. Kesho yake mvua kutwa, sina cha kusimulia.

Juu kule Kitulo, hifadhi ya taifa, ni kama mita 2,600, na maua jamani yapo, okidi peke yake aina 45, si bure wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Picha mtandaoni zimejaa, tafuteni. Mimi kilichonishika ni bondeni. Askari wa hifadhi alikuwa anamsindikiza dada mmoja mwanafunzi wa SUA, kile chuo cha kilimo, anayepima udongo, nikajiunga nao, hatua chache tu kwenye majani mabichi mguu ukazama mpaka gotini, nikauvuta ukaja bila buti. Askari akacheka mpaka akakaa chini. Tumelichimbua lile buti kwa mikono, na tope lililotoka ni jeusi tii, linanuka yai bovu, mi nikasema kwa uchungu kabisa, aisee udongo kama huu kwetu Mufindi ungeshapandwa mahindi zamani.

Dada akaniangalia. "Kaka, huu mweusi hivi una njaa."

Tukabishana pale pale nikiwa na mguu mmoja peku. Anasema weusi ule ni majani yaliyogoma kuoza, maana maji yamejaa, hewa hamna, vijidudu vya kuozesha vinafanya kazi kivivu, kwa hiyo naitrojeni imefungiwa humo humo. Halafu udongo wenyewe umetokana na majivu ya volkano za Rungwe na Ngozi, una aluminiamu na chuma vinavyoikamata fosforasi haiachii, na tindikali juu yake, karatasi yake ya pH, ya kupimia tindikali, ilisoma tano na kidogo. Akanionyesha kijimto chenye utando unaong'aa kama dizeli, nikajua kuna mtu kamwaga, akauchoma na kijiti ukavunjika vipande vipande. Dizeli ingejirudi ikaungana, ule ni wa chuma. Kwenye udongo usio na hewa chuma kinayeyuka, kikifika juu kinashika kutu, na kikizidi ni sumu kwa mizizi. Ndago zinahimili kwa sababu zinashusha hewa kwa ndani mpaka mizizini. Pembeni kuna kijimmea chekundu kina matone ya gundi kinakamata inzi, naitrojeni ya chini hakipati basi kinakula nyama! Ukipanda kidogo panapokauka, mimea mingine kabisa, mvua ile ile.

Sasa hapo ndo nikaelewa wingi wa maua. Udongo ukiwa na njaa hakuna mbabe, kila mmoja anapata kanafasi. Anasema kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kule Uingereza wamekuwa wakijaribu kwenye uwanja wa majani tangu 1856, vipande vilivyotiwa mbolea ya naitrojeni vikabaki na nyasi chache ndefu, visivyotiwa kitu vina aina kibao.

Nikawaza vinyungu vya mjomba, yale mashamba ya bondeni. Nikiwa mdogo lile bonde lilikuwa na maua ya njano sijui jina, akachimba mifereji, akachoma, akaweka DAP, mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, kila msimu, na hata kale kakipande alikokaacha miaka yote hii maua hayajarudi, ni nyasi tu zimejazana. Dada anasema naitrojeni inaondoka na maji lakini fosforasi inakaa miaka na miaka. Lakini hivyo vinyungu ndo vimenisomesha, nitamlaumuje?

Jioni nikapata mtandao nikampigia mjomba nikamweleza yote. Akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo mjomba, DAP yangu inaliwa na udongo kwanza ndo viazi vipate?" Nikamwambia kwa udongo wa majivu ndo hivyo, hasa ukiwa na tindikali. Habari ya maua hakuigusa, akauliza tu hizo karatasi za pH zinauzwa wapi na shilingi ngapi, maana mwaka jana aliuziwa mifuko ya chokaa ya kupunguza tindikali na hajawahi kupimiwa shamba.