Ninavyowadunga viti vya pweza wenye miiba ya sumu bila kuchomwa

Watu wakisikia kwamba ninazamia kuwaondoa viti vya pweza wenye taji la miiba, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota wanaokula matumbawe, swali la kwanza huwa ni glovu: za aina gani, nene kiasi gani. Ninazo, lakini sijawahi kuona glovu ya kuzamia ya kutegemea mbele ya mwiba ule. Una urefu wa sentimita 4 hadi 5, ncha kali, na umevikwa ngozi yenye sumu. Nguo ya kuzamia unaipenya bila taabu. Kinachonilinda mimi ni kujua kuelea.

Ndiyo maana kiongozi wa timu yetu hakunikabidhi sindano ya kuwaulia mwanzoni. Alitaka nitulie juu ya mwamba, karibu kiasi cha kuufikia kwa mkono, nipande na kushuka kwa pumzi tu, bila pezi wala goti kugusa kitu. Zoezi lile lilinichosha, nikaona ananichelewesha. Maana yake niliipata kazini. Mnyama huyu hakurukii wala hakufukuzi. Ukichomwa, ujue wewe ndiye uliyemwendea, mara nyingi kwa kusukumwa na mawimbi huku macho umeyakaza kwenye sindano.

Kumpata nako ni kazi. Mchana hupenda kujibanza kwenye mianya na chini ya matumbawe yaliyotanda kama meza, rangi yake ikichanganyika na ya mwamba. Kwa hiyo simtafuti yeye, natafuta alikokula. Hula kwa kutoa tumbo lake nje, analitandaza juu ya tumbawe na kuiyeyusha nyama papo hapo, akiondoka panabaki mfupa mweupe pe. Weupe ukiwa safi, mlaji hayuko mbali. Ukishaota mwani, ana siku nyingi tangu ahame. Wageni huchanganya alama hiyo na tumbawe lililopauka kwa joto la maji, lakini ukisogea utaona tofauti: lililopauka bado lina nyama yake laini, imepoteza rangi tu.

Tukishamwona, tunamdunga palepale. Zamani wazamiaji walitumia kemikali iliyohitaji kuchomwa mara nyingi kwa mnyama mmoja, na huyu anaweza kuwa na mikono 20. Ikaja chumvi ya nyongo ya ng'ombe, sindano moja inatosha. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, wakaonyesha kwamba hata siki ya kawaida ya nyumbani inamuua. Sisi tunatumia siki, kwa bomba la kuchanjia mifugo lililounganishwa na fimbo ndefu. Ninalenga mkono unapoanzia kwenye mwili, naingiza taratibu, nachomoa, nasogea kando. Baada ya siku mbili hivi miiba imelala na mwili umeanza kuoza. Kumkatakata hatuthubutu, maana vipande vinaweza kuota upya.

Aliyejificha mahali sindano haifiki, namvuta kwa ndoano ya chuma, na huyo ndiye hupandishwa mashuani. Hapo tunatumia ndoo ngumu yenye mfuniko. Mfuko wa wavu ni kujitakia: miiba hupita kwenye matundu, na wakati wa kupanda juu mfuko unakugonga pajani.

Nionavyo mimi, mashuani ndipo watu hujisahau. Mwenzetu mmoja alichomwa akisogeza ndoo iliyojaa kupita kiasi, ameshavua glovu, anapiga soga. Kidole kilivimba tukiona, kikageuka rangi, baadaye akaanza kutapika. Tuliung'oa mwiba uliokuwa ukionekana, tukamtumbukiza mkono kwenye maji ya moto ya kuvumilika, yasiyozidi nyuzi 45, tukayapima kwanza kwa mkono wake mzima kwa sababu ule uliochomwa hausemi kweli kuhusu joto. Aliukalisha humo zaidi ya nusu saa, maumivu yakapungua, kisha tukampeleka hospitali, maana vipande vya mwiba hukatikia ndani. Themosi ya maji ya moto haikosi mashuani.

Hatuwamalizi wote, wala si lengo. Wakiwa wachache hupunguza matumbawe yanayokua haraka na kuyapa nafasi yale ya polepole. Wakifurika ndipo balaa: mkubwa mmoja huweza kumaliza hadi mita 10 za mraba kwa mwaka. Kwenye Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, wakifika takriban 15 kwa hekta huhesabiwa kuwa mlipuko. Na jike mmoja hutaga mamilioni ya mayai msimu maji yanapopata joto, kwa hiyo safari zetu nyingi tunazipanga kabla ya msimu huo, tukianza na wale wakubwa.