Shangazi na ngazi 13

Kabla mbwa wetu mpya, greihaundi aliyestaafu mbio, hajafika, kilichoninyima usingizi ni nafasi. Mbwa anayeweza kukimbia karibu kilomita 70 kwa saa atatoshea wapi kwangu? Nilijiona alfajiri nimeshika kamba, nakokotwa huku nahema. Wiki mbili baadaye shida ilikuwa kumtoa kwenye kochi.

Greihaundi hulala hata saa 16 au 18 kwa siku. Watoto walipoona anavyojinyoosha kochi zima, na anavyoguna ukimwomba asogee, wakamwita Shangazi. (Dada wa baba yao bado hajaambiwa.) Jina lake la mbio lilikuwa refu, la kifahari, halikumfaa kiumbe anayelala chali miguu minne hewani. Lililobaki la enzi hizo ni alama za wino ndani ya masikio, zile za usajili, zimeanza kufifia.

Nilichokuwa sijui ni kwamba nyumba yenyewe kwake ni nchi ya ugenini. Ana miaka 4, na maisha yake yote yalikuwa bandani na kiwanjani. Mlango wa kioo aliugonga kwa pua siku ya kwanza, akarudi nyuma akiutazama kana kwamba umemtukana. Sasa tumeubandika vipande vya karatasi usawa wa macho yake. Vigae vilimtelezesha mpaka tukatandika mikeka, naye akawa anavuka sebule kutoka mkeka hadi mkeka kama mtu anayepita mtoni juu ya mawe.

Halafu usingizi wake. Bandani kila mbwa hulala kwake, hakuna wa kumgusa. Siku ya nne kitinda mimba wangu alimlalia ubavuni akiwa kwenye usingizi mzito, akaamka na mngurumo uliotutoa jikoni mbio. Hakuuma. Nilimlaumu mbwa kwa dakika moja, kisha nikajilaumu mwenyewe kwa siku nzima. Mama yangu alikuwa akisema, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kwetu sasa hiyo ni sheria: unasimama mbali, unaita jina, unangoja ainue kichwa.

Nje hafunguliwi kamba pasipo na uzio, hata akiniangalia kwa macho gani. Kitu kikikatiza kwa mbali amekwisha kukiona, na hatua chache tu zinatosha kumfikisha kwenye kasi ambayo sauti yangu haiifikii. Kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, mkanda wa kawaida unachomoka. Anavaa ule mpana unaojikaza kidogo akivuta. Na daktari wa mifugo tulimkumbusha mapema: chembe nyekundu za damu yake ni nyingi kuliko za mbwa wengine, na dawa nyingine za usingizi hukawia kumtoka mwilini.

Lakini ngazi! Zetu ni 13, na yeye hajawahi kupanda hata moja. Mume wangu alikaa mbele akihamisha mguu mmoja mmoja kwa mkono, mimi nyuma nimemzuia kwa tumbo asirudi kinyumenyume, na katikati kilo 28 za mbwa zinazotetemeka. Siku ya tano akapanda peke yake. Kushuka ni somo jingine kabisa. Alisimama juu akilia kwa sauti nyembamba, tukambeba, kesho yake tukambeba tena. Mgongo wangu una kumbukumbu.

Siku ya tisa tulichoka, tukamwacha. Tulikuwa wote chini, hakuna aliyemwita, tunazungumza yetu. Mbwa aliyekulia katikati ya kundi hapendi kuwa peke yake chumbani. Tukasikia kucha: tk, tk, kimya kirefu, kisha vurumai ya miguu minne ikishuka kwa mpigo. Akatokea mlangoni masikio yamesimama, akatukagua mmoja mmoja, akapanda kochini.

Mume wangu alikuwa amekalia upande mmoja. Shangazi akaguna. Mume wangu akahamia mkekani.