Nilivyojifunza kumtambua nyangumi kwa DNA nikiwa Jinja

Ukitaka kuiona bahari kutoka Jinja, mji wetu hapa Uganda, panda basi la Mombasa na ukubali kulala njiani. Ndiyo maana nilipowaambia wanafunzi wangu wa Senior 5 kwamba mada ya jeni tutaisoma kupitia nyangumi waliokwama ufukweni, mmoja aliuliza bila kumung'unya maneno: "Ticha, sisi na nyangumi wapi na wapi?"

Jibu langu lilihusu pesa zaidi ya sayansi. Shule yetu haina mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, wala kemikali za kutoa DNA kwenye nyama. Mifuatano ya DNA ya nyangumi, kwa upande mwingine, imewekwa bure kwenye GenBank, hifadhi ya mtandaoni, na ni maandishi matupu. DNA yote ya mitokondria (vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati) ya nyangumi ina herufi elfu kumi na sita na ushee, na faili lake ni jepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Hata ukiwa na MB za mwisho mwisho unalipata.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye mafunzo ya bure ya mtandaoni. Mkufunzi alitupa mifuatano iliyofichwa majina, na maelezo mafupi: nyangumi wawili, mama na ndama, wamekufa ufukweni, waliowakuta wamewaita Mesoplodon grayi, spishi mojawapo ya nyangumi wenye midomo iliyochongoka, hakikisha. Nilifungua faili. Mstari wa kwanza alama ya > na namba, kisha herufi nne za DNA, A, C, G na T, zimefuatana mpaka macho yanacheza. Nilikaa nikizitazama kwa muda, nikijaribu kuona mnyama humo ndani. Haonekani.

Kwanza nilitaka kujua kwa nini watu wahangaike na herufi wakati mnyama mzima wa mita tano amelala mchangani. Kumbe jamii hii ya nyangumi wenye midomo iliyochongoka huwasumbua hata mabingwa. Wengi huishi mbali na nchi kavu, wakizamia kina kirefu, na binadamu huwaona wakishakufa. Katika jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Mesoplodon, kitu kinachotenganisha spishi kwa macho ni meno ya dume. Majike na ndama meno hayo kwa kawaida hayatokezi nje ya fizi. Ongeza jua: ngozi hubadilika rangi na kuchunika, tumbo hujaa gesi. Hapo ndipo kipande kidogo cha ngozi kinapokuwa na thamani kuliko mzoga wote. DNA ya mzoga hukatikakatika, lakini ile ya mitokondria ina nakala mamia kwa maelfu katika kila seli, kwa hiyo hata baada ya kuoza hubaki vipande vya kusomeka.

Nikabandika mfuatano wangu kwenye BLAST, programu inayoulinganisha na yote iliyomo GenBank, nikasubiri. (Siku hiyo umeme ulikuwepo, na mtu wa mtaa wetu wa Walukuba anajua hilo si jambo dogo.) Jina lililokuja juu halikuwa Mesoplodon grayi. Lilikuwa Mesoplodon traversii, nyangumi mwenye meno kama beleshi, ambaye sikuwahi kumsikia.

Hadithi yake ndiyo iliyonifanya niendelee. Mwaka 1872 ulipatikana mfupa wa taya katika kisiwa cha Pitt, upande wa mashariki wa New Zealand. Miaka ya 1950 likapatikana fuvu lisilo kamili katika kisiwa cha White, New Zealand pia, na mwaka 1986 jingine katika kisiwa cha Robinson Crusoe, Chile. Basi. Hakuna aliyekuwa amemwona mnyama huyo na nyama yake. Mwaka 2002 watafiti walitoa DNA kwenye mifupa hiyo na kuthibitisha kwamba yote mitatu ni ya spishi moja. Desemba 2010 mama wa mita 5.3 na ndama dume wa mita 3.5 wakakwama ufukwe wa Opape, New Zealand. Maofisa waliwapima, wakapiga picha, wakachukua sampuli, wakawazika kwa jina la Mesoplodon grayi. Sampuli zilipofika maabara Auckland kwa kazi ya kawaida, herufi zikakataa jina hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na mifupa ikafukuliwa.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Mtu akikupigia na namba yake hujaihifadhi, simu inakuonyesha tarakimu tu. DNA nayo ni hivyo hivyo. Bila ile mifupa mitatu ya makumbusho kusomwa kwanza, maabara ingeona tu kwamba hawa si Mesoplodon grayi, na isingekuwa na jina la kuwapa. Sifa wanapewa watu wa mashine, lakini mimi naona nusu yake ni ya waliotunza taya lile tangu 1872 bila kujua litakuja kufaa nini.

Kwa sababu hiyo siamini asilimia ya BLAST peke yake. GenBank inapokea mifuatano kutoka kila pembe, na mingine imebandikwa jina lisilo lake. Kinachosaidia ni kuchora mti wa ukoo na kuona mfuatano wako umekaa kwenye tawi la nani. Nilitumia MEGA, programu ya bure inayokubali kompyuta za zamani. Nikakusanya mifuatano ya saitokromu b, jeni mojawapo ya mitokondria, ya spishi kadhaa za Mesoplodon, nikaipanga herufi kwa herufi, nikaiamuru programu ichore mti na kuupima upya mara 1000 ili nijue matawi yapi yanasimama imara. Mti huo unahitaji mzizi, yaani mnyama wa nje ya ukoo lakini asiwe wa mbali mno. Nikamweka kiboko.

Nilipowaonyesha wanafunzi mti huo, darasa lililipuka. "Kiboko huyu huyu wa kwetu, Ticha?" Huyu huyu wa Mto Nile na mfereji wa Kazinga. Zamani wataalamu walimpanga karibu na nguruwe, na ukimtazama huwezi kuwalaumu. DNA ikasema vingine. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walionyesha vipande vya DNA vilivyojipachika mahali pale pale kwa kiboko na kwa nyangumi, jambo ambalo ni vigumu kutokea kwa bahati mara mbili. Babu yao wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena wapi na wapi.

Wanafunzi wakaja na lao: tuwatambue nkejje. Wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita furu, wanaouzwa wamekaushwa pale Masese, ziwani, na kusagwa kwenye uji wa watoto. Nikapakua mifuatano ya mitokondria ya furu wa Ziwa Victoria, nikafuata hatua zile zile. Mti ukatoka fujo tupu. Samaki wa majina tofauti walikuwa na herufi zile zile, na wa jina moja walitawanyika matawi mbalimbali.

Programu haikuwa na kosa. Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na humo zikachipuka spishi za furu kama 500. Mesoplodon wametengana kwa mamilioni ya miaka, kila spishi ikapata muda wa kujikusanyia mabadiliko yake ya herufi. Nkejje hawajapata muda huo, tena bado wanachanganya damu. Kuwatenganisha kunahitaji kusoma maelfu ya sehemu za jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama, kazi isiyofanyika kwa simu. Wakati huo mvuvi mmoja mzee wa Masese, tulipomfuata, aliwapanga kwenye beseni kwa rangi za madume na umbo la midomo huku akiendelea kupiga soga na wenzake.

"Shikamoo Mzee, umejuaje?"

"Marahaba. Nimewala tangu utotoni."

Sasa tunafanya hivi. Nyangumi wamebaki kwenye somo la darasani. Nkejje tunawapiga picha wakiwa wabichi, kabla rangi haijafifia, tunamwandika kila mmoja kwa jina alilotupa Mzee, tunakata kipande cha pezi na kukitia kwenye kichupa cha etanoli, kisha samaki mwenyewe tunamhifadhi mzima kwa namba ile ile. Formalini hatuigusi kwenye mapezi, inaharibu DNA. Lebo tunaandika kwa penseli, kwa sababu etanoli hufuta wino wa kalamu.