Siku yangu na watoto wa kitengo

Saa 12 asubuhi niko kituoni Nkuhungu nasubiri daladala. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba hauna huruma, nimejitanda khanga mpaka puani. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimesomea Patandi kule Arusha, na sasa nafundisha kitengo kwenye shule ya msingi ya serikali hapa jijini. Kitengo ni darasa moja: wamo wenye usonji (autism), wenye ulemavu wa akili, na wachache wenye mtindio wa ubongo.

Saa 1:10 wazazi wanaanza kuwaleta. Elimu bila ada ilipoanza 2016 iliwatoa wengi ndani, ila nauli ya bajaji haimo humo. Basi la shule hatuna, na makonda wengi hawamtaki mtoto anayepiga mayowe njia nzima. Ndiyo maana mwezi ukielekea mwishoni mahudhurio yangu hushuka, halafu anayekagua daftari anasema wazazi hawajali. Wanajali sana. Hela imeisha.

Saa 1:30 ni paredi. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini. Nina kijana wa miaka 9, haongei, ambaye mlio ule humwangusha chini kabisa: anaziba masikio, anajigonga kichwa ukutani. Wapo walimu waliokuwa wakiita jeuri na kushika fimbo. Si jeuri. Sauti ambayo wewe unaizoea yeye inamuumiza. Nimewaomba walimu wa zamu wanipungie mkono kabla ya kugonga, nimwonyeshe picha ya kengele na kumwingiza darasani mapema. Leo zamu ni ya anayekumbuka, asubuhi imeenda vizuri.

Saa 3 tunahesabu. Huyo kijana anapenda vizibo vya soda, basi vizibo ndiyo kitabu chake. Anavipanga safu za kumi kumi, vyekundu peke yake, vya kijani peke yake. Nikichomoa kimoja, haniangalii usoni. Anaushika mkono wangu na kuurudisha palepale mpaka nikiweke. Huyo ndiye niliyeambiwa hafundishiki.

Uji saa 4. Mmoja hanywi mpaka apewe kikombe chake cha bluu. Anapewa.

Saa 4:40 nampeleka kijana wa vizibo kwenye kipindi cha hesabu, darasa la pili. Mwenzangu ana wanafunzi zaidi ya 90, wengine wamekaa sakafuni. Akaniambia, kwa uchovu tu wala si kwa ubaya: "Dada, hawa si ni wa kwako?"

Idadi ile simlaumu nayo. Lakini hapo ndipo ninapoumia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na wenzake. Sisi tumemwandikisha, tukamweka chumba cha mwisho karibu na stoo, tukamwachia mtu mmoja. Nikiugua, kitengo kinafungwa na watoto wanarudishwa nyumbani. Mwalimu wa darasa la pili akiugua, darasa lake linagawiwa kwa wengine na masomo yanaendelea. Kwa nini wangu wasigawiwe?

Mwenzangu akakubali kijana akae dakika 20. Binti aliyekaa naye dawati moja alielewa haraka kuliko sisi watu wazima: akavuta vizibo, wakaanza kujumlisha wawili, bila neno.

Saa 7 mchana nimempata bibi ametoka Mvumi na mjukuu mgongoni, mtoto wa miaka 7. "Mbukwenyi," nikamwamkia, akacheka, akakaa. Shule aliyoanzia walimwambia amrudishe akishaanza kuongea. Kwa waganga ameshazunguka. Nikamweleza taratibu kwamba usonji si laana, wala si kosa la mama yake mtoto, na hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha; wataalamu humtazama mtoto anavyocheza na anavyowasiliana, huku wakiuliza alivyokua. Nimempa barua ya kwenda hospitali ya rufaa, lakini nimemwambia amlete kesho hiyohiyo. Majibu ya hospitali yatamkuta darasani. Mtoto mwenye miaka 7 hana mwaka wa kupoteza akisubiri karatasi.

Saa 8:30 nawakabidhi kwa wazazi, mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Aliyechelewa kufuatwa nimebaki naye mpaka saa 10.

Usiku nakata maboksi ya sabuni nitengeneze kadi za picha za yule mjukuu: choo, maji, uji, nyumbani. Saa 3 simu inaita ujumbe. Ni mwalimu wa darasa la pili: "Kijana mlete tena kesho, akae mbele. Na vizibo viwe vingi, hata mimi nina kama kumi hivi hawajui kutoa."

Nimemjibu nitapitia kwa mama anayeuza soda stendi, ananiwekea kwenye ndoo.