Siku Moja Maishani Mwangu: Waya Zilizosahaulika Ukutani

Saa 2 asubuhi. Sijafungua hata begi, mashtaka yameshanifikia: "Fundi, hii rauta ya Wi-Fi haina nguvu." Jengo ni la ghorofa, rauta iko chini, chumba cha mwisho, nyuma ya kabati la chuma. Ningekuwa wimbi ningechoka njiani.

Saa 3. Nazunguka na simu nikipima mawimbi. Karibu na rauta nasoma -40 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mawimbi yanavyofifia. Juu kabisa, kwa mhasibu, -84. Dada wa watu kila akiwa na kikao cha video huhamia kwenye ngazi na laptopu yake. Mimi nataka angalau -67. Namba zinaonekana jirani, ila kila zikishuka 3 nguvu inakatika nusu. Kutoka -67 hadi -84 ni 17, yaani nguvu pungufu kama mara 50.

Mwenye ofisi anauliza kwa nini tusinunue rauta kubwa. Swali la kila siku. Namwambia, bosi, hata rauta ipige kelele, simu itaendelea kunong'ona, na lazima wasikilizane.

Saa 4. Nyuma ya meza ya mhasibu, chini ya vumbi, soketi ya mtandao. Chumba cha pili nyingine. Ziliwekwa kwa ajili ya kompyuta za mezani, kisha kila mtu akahamia Wi-Fi. Barabara imo ukutani, sisi tunahangaika kupenya zege!

Mpaka saa 7 ni kutafuta waya ipi inatokea wapi, maana lebo zimefutika. Nachomeka kifaa cha mlio kwenye soketi, nashuka kwenye kabati la swichi, kifaa kinachounganisha waya zote za mtandao, napapasa fungu zima mpaka moja ilie. Napanda tena. Magoti yangu hayana la kusema.

Saa 8. Akses pointi ya kwanza, kifaa cha kurushia Wi-Fi kutoka kwenye soketi ya ukutani, inawaka bila adapta, umeme ukipita kwenye waya ileile ya mtandao. Ya mhasibu nayo inawaka, ila swichi inasoma kasi ya megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000. Testa inaonyesha jozi ya bluu, moja ya jozi nne za nyaya ndani ya waya, imekatika. Nafungua soketi: aliyeifunga alimenya ganda kwa pupa, kisu kikala shaba. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu kati ya nne, ya machungwa na ya kijani, ndiyo maana ubovu ulijificha. Nakata kipande, nabana upya nyaya zote nane, nikiziacha zimesokotana mpaka karibu na meno ya soketi. 1,000.

Saa 10. Jina moja la Wi-Fi na nywila moja kote. Kila akses pointi naipa chaneli yake, yaani njia yake ya mawimbi, kati ya 1, 6 na 11, zisigongane. Kisha napunguza nguvu za kurusha. Bosi ananitazama kama nimemwibia, lakini akses pointi ya chini ikivuma sana, simu zitaing'ang'ania hata zikiwa juu.

Saa 11. Kwa mhasibu nasoma -52. Nataka kumwonyesha, anaweka kidole mdomoni pake ninyamaze: yuko kwenye kikao cha video. Kakaa mezani kwake.